Shika Njia, Usiiache

Usiku wa jana niliota nimepiga magoti kwenye lango la chini la Msitu wa Kwemhondo, brashi mkononi, naipaka rangi upya herufi E ya neno USIIACHE.

Kibao kile nilikuwa nimekiandika mwenyewe, kama vibao vyote vya msitu ule. Mstari wa juu unasema SHIKA NJIA. Wa chini unasema USIIACHE. Herufi nyeupe juu ya ubao wa kijani. Sikusomea kuandika vibao. Nilijifunza kwa kutazama vibao vya wengine na kuona rangi inaanzia wapi kubanduka.

Ukungu ulikuwa umekaa kwenye miti, kama unavyokaa asubuhi katika milima yetu, pale upepo wa baharini unapokutana na baridi ya msitu. Nilikuwa namsubiri dada yangu, Mwantumu. Yeye anaishi juu, msitu unapoishia, na kila siku ya gulio huteremka na tenga lake la iliki. Njia ya kuteremkia ni ile moja tu.

"E yako imelegea," kibao kikasema.

"Itakaza ikikauka."

"Juzi ulisema hivyo hivyo."

Sikubishana nacho. Kibao kinasoma maneno yake kwa ndani, mimi nayasoma kwa nje. Huenda kwa ndani yanaonekana vingine.

Nikamaliza E, ya mwisho kati ya herufi zote nilizozipaka upya asubuhi ile. Nikainuka, nikanyoosha mgongo, nikageuka kuitazama njia.

Njia haipo.

Sisemi kwamba ilifunikwa na majani, wala kwamba mti uliiangukia. Haipo. Mahali ilipokuwa pamebaki alama nyembamba ya udongo mbichi, kama ukutani mahali palipotundikwa picha kwa miaka mingi. Kangaga za upande wa kushoto na kangaga za upande wa kulia zimeshaanza kupeana mikono.

Kinyonga anateremka kwenye mvule. Amevaa kofia ya askari wa msitu na sare ya rangi ya gome. Namsubiri. Anachukua muda wake, kwa sababu kibao changu kingine, kule juu, kinasema TEMBEA TARATIBU, na askari hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sheria.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kuna njia imepotea."

"Nimeona."

"Zamani watu ndio waliokuwa wakipotea njia," akasema. Jicho lake moja linanitazama mimi, jingine linatazama mlimani. "Sasa njia ndiyo inayopotea watu. Nimeletewa taarifa na wapita njia."

"Wapita njia gani, na njia haipo?"

"Ndiyo maana wamekaa."

Akanyoosha kidole. Chini ya mti wa mfune wameketi wapita njia, watu wa heshima zao, wamekunja mikono. Hawana pa kupita. Mmoja akanipungia kwa unyonge.

"Nani ameichukua?"

"Mgeni. Bwana mmoja mstaarabu kutoka mjini, anaitwa Mruma. Alisoma kibao chako, akarudia kukisoma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akapanda mpaka juu, akainama, akaishika njia."

"Akaishika?"

"Kwa mikono miwili. Akaikunja kama mkeka, kuanzia juu mpaka hapa chini, akaitia kwapani. Nikamuuliza, bwana, unaipeleka wapi? Akaniambia, imeandikwa nisiiache."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo hapo, unapaka E. Alikuaga. Ukamwambia karibu tena."

Tukakitazama kibao sote, na kibao nacho kikajitazama. SHIKA NJIA. USIIACHE.

"Mimi sikutunga," kibao kikasema.

Nikauliza lile ambalo nilikuwa nalizunguka. "Na Dada Mwantumu?"

Macho yote mawili ya Kinyonga yakaja upande mmoja. Sijawahi kuona kinyonga akimtazama mtu mmoja kwa macho mawili.

"Alikuwa ameshaanza kuteremka."

"Kwa hiyo yumo ndani."

"Yumo ndani ya mkunjo. Mgeni alilalamika kwamba njia ni nzito upande mmoja." Kinyonga akavua kofia. "Sikiliza, Mdoe. Ukungu bado umekaa. Ukiinuka kabla njia haijatandikwa, msitu utaziba. Na ukiziba, aliye ndani ya njia atabaki ndani ya njia."

Nikautazama ukungu. Umekaa kweli, makalio juu ya matawi ya chini. Lakini tayari umenyoosha mguu mmoja, kama mtu anayefikiria kwenda.

"Basi nitaileta," nikasema.

Nikaiosha brashi kwanza. Siendi popote na brashi chafu. Nikaking'oa kibao, maana rangi ilikuwa bado mbichi na wapita njia wakikaa bure huwa wanagusa gusa vitu, nikakibeba kwapani, uso wake nje.

"Kwenda mjini kuna barabara," Kinyonga akasema, "ila barabara inazunguka mlima mzima. Nikuitie Njia ya Mkato."

Akapiga mluzi. Njia ya Mkato ikaja mbio kutoka vichakani. Ni fupi kama benchi, imekatwa pande mbili kwa kisu kizuri.

"Usinicheke urefu," ikasema.

"Sicheki. Naona tu una mwanzo, na una mwisho. Katikati yako iko wapi?"

"Walikata wakatupa. Watu hawaiulizii katikati. Wewe wa kwanza."

"Pole. Haikuumi?"

"Mvua ikinyesha."

Nikakanyaga mwanzo wake kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ukatua kwenye zulia.

Ni sebule ya watu wa mjini. Kuna makochi yenye vitambaa vya kudarizi, kabati la vyombo vya wageni, na saa ya ukutani yenye picha ya kanisa. Katikati ya sebule imetandikwa njia ya Msitu wa Kwemhondo. Inaanzia mlango wa mbele, inazunguka meza, inapita nyuma ya kochi kubwa, inaingia korido ya jikoni na kupotelea humo kwenye mawingu. Maporomoko ya maji yanasikika kutoka upande wa friji. Sehemu iliyokosa nafasi imebaki mkunjo, imeegemezwa pembeni, karibu na kabati.

Mwanamke anatokea koridoni na sinia. Anahema, na ana jani kwenye nywele.

"Karibu, kaka. Mimi ni Mama Namsifu, mke wa huyu. Samahani chai imepoa. Kutoka jikoni ni mlima."

"Pole sana, mama."

"Utanipa pole ngapi? Nimekwenda kuchukua chumvi nikajikuta kwenye maporomoko. Nimeolewa na mtu mtii, ndilo tatizo langu. Siku ya harusi mchungaji alimwambia mshike mkono mkeo. Hajaambiwa auachie lini. Nimemzaa Namsifu nimeshikwa mkono."

Bwana Mruma ameketi wima kwenye kochi, shati jeupe, suruali ameichomeka kwenye soksi. Ameushika ukingo wa njia kwa mikono yote miwili, juu ya magoti.

"Shikamoo, Bwana Mruma."

"Marahaba, kijana. Nimeishika."

"Naona."

"Sijaiacha. Hata kuoga sijaoga."

"Mdoe!" Sauti ikatoka kwenye ule mkunjo ulioegemea kabati. "Mdoe, ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Si ulisema utanipokea langoni? Hapa ni langoni?"

"Hapa ni sebuleni kwa watu."

"Nimejua. Nasikia harufu ya maandazi na hakuna aliyenikaribisha."

Mama Namsifu akaweka sinia chini kwa aibu. "Dada yangu, nitakukaribishaje, na sijui kichwa chako kiko upande gani?"

"Kiko upande wa gulio! Iliki zangu zinapoa!"

"Iliki hazipoi, dada," nikamwambia.

"Wewe umewahi kukunjwa nazo?"

Sikuwa nimewahi.

Nikakaa kwenye kochi dogo, nikamweleza Bwana Mruma jambo lenyewe bila haraka. Kwamba ndani ya njia mna mtu. Kwamba ukungu ukiinuka, msitu utaziba, na dada yangu atabaki humo. Kwamba namwomba aniachie njia niirudishe.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akatikisa kichwa kukataa.

"Kijana, mimi nimefanya kazi bandarini mpaka nimestaafu, kwa sababu nasoma maandishi na kuyatii. Wenzangu waliokuwa wakiuliza maswali, mizigo iliwaangukia. Sasa wewe unaniambia kwa mdomo niiache. Maandishi yanasema nisiiache. Nimsikilize nani?"

"Maandishi hayo niliyaandika mimi."

"Ndiyo maana nakuheshimu. Usijivunjie heshima."

"Baba Namsifu!" mkewe akasema. "Mle ndani mna mama wa watu!"

"Nimesikia, mke wangu. Na naumia. Lakini nashika."

Sikumwona mkaidi. Nilikigeuza kibao nikakisoma kama ningekuwa mgeni, mtu asiyenijua, ambaye asubuhi ile amekuja tu kutembea msituni. Niliona kwamba mimi pia ningeikunja.

Dirishani, ukungu umetufuata. Uko uani kwa Bwana Mruma, umeshapiga magoti, mkono mmoja umeegemea ukuta. Unajiandaa kuinuka.

"Mimi nina wazo," kibao kikanong'ona. "Rangi bado mbichi. Futa herufi tatu za mwanzo za mstari wa chini. USI. Itabaki IACHE. Ataiacha."

Nikafikiri. Ni wazo jepesi, na mawazo mepesi mimi hupenda kuyapima kwanza.

"Ataiacha hapa," nikasema. "Njia itabaki sebuleni. Mimi peke yangu siwezi kuibeba, na dada yumo."

"Kweli," kibao kikasema. "Sikufika huko."

"Mnanong'ona nini?" Dada Mwantumu akauliza kutoka pembeni. "Mdoe, hiyo si saa ya kunong'ona. Wewe toka utoto ukitumwa maji unasimama kwanza kuangalia ndoo!"

"Nafikiri, dada."

"Fikiri kwa miguu!"

Basi hapo ndipo nikaona. Kwa miguu. Nikachomoa kitambaa mfukoni, nikafuta mstari wote wa chini. Nikafuta na neno SHIKA, nikabakiza A ya mwisho. Kibao kikacheka kwa kutekenywa, mguu wake ukagonga meza, vikombe vikalia. Kopo la rangi nilikuwa nimeliacha msituni, kwa hiyo nikaikusanya rangi ya yale niliyoyafuta kwa ncha ya brashi, kidogo kidogo, nikaandika F, U, A, T, nikaiunganisha na ile A iliyobaki. Herufi hazikupungua, hazikuzidi.

FUATA NJIA.

Nikakinyanyua kibao mbele ya Bwana Mruma. Akavaa miwani. Akasoma, akarudia kusoma. Akatikisa kichwa kukubali, kwa namna ile ile, nadhani, aliyotikisa asubuhi.

"Haya ni maandishi mengine," akasema.

"Ni mengine."

Akafungua vidole. Vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi mkewe amsaidie kimoja kimoja. Njia ikateleza kutoka magotini kwake, ikalala sakafuni, ikashusha pumzi.

"Tangulia," Bwana Mruma akaiambia kwa adabu. "Mimi nafuata."

"Hatimaye," njia ikasema. Sauti yake ni ya mtu aliyekanyagwa maisha yake yote na hana kinyongo. "Kwenye marumaru hapakaliki. Hamna hata mzizi wa kujishikiza."

Ikajikunja yenyewe yote, jikoni mpaka mlangoni, kama jongoo aliyeguswa. Ikasimama kwa ubavu. Ikaanza kubiringika.

"Taratibu!" Dada Mwantumu akapiga kelele ndani. "Mwanaharamu mkubwa, taratibu!"

"Samahani, mama," njia ikasema, na haikupunguza mwendo.

Tunatoka. Njia mbele inabiringika. Bwana Mruma nyuma yake, mikono mgongoni, anafuata. Mimi nyuma yake na kibao nimekiinua juu ili akigeuka asisahau. Mama Namsifu nyuma yangu na sinia la maandazi. Anasema haji kutembea, anakuja kuona mwisho wake. Barabara ikatupisha. Ilikaa pembeni, kwenye mtaro, mpaka tukapita.

"Niifuate mpaka wapi?" Bwana Mruma akauliza bila kugeuka.

"Haikuandikwa."

"Basi ni mpaka mwisho."

Hatukupanda mlima. Mlima uliteremka kidogo, na tukawa langoni.

Ukungu umefika kabla yetu. Goti moja liko chini, goti jingine limeshanyooka. Kangaga za kushoto na za kulia zimekumbatiana kabisa, zinabembelezana kama ndugu waliokutana msibani. Kinyonga amesimama kwenye mlingoti wa lango, kofia kichwani.

"Anzeni chini," akasema. "Aliikunja kutoka juu, kwa hiyo mwanzo wa nje ndio mwisho wa chini. Sukumeni kwenda juu."

"Ngojeni!" Dada akapiga kelele. "Nimezungushwa sana. Sijui tena mbele ni wapi. Mkinitoa nikiangalia juu, miguu itanirudisha nyumbani, na mimi nakwenda gulioni!"

"Ukitoka nitakuita," nikasema. "Wewe njoo kwenye sauti yangu."

"Usije ukaita polepole kama kawaida yako."

"Nitapaza."

Nikaziomba kangaga ziachane. Zikaachana kwa shingo upande. Nikaushika mwisho wa chini wa njia, nikaulaza kwenye ile alama ya udongo mbichi, nikaukanyaga ukae. Bwana Mruma akasukuma mkunjo kwenda juu, akawa kwa wakati mmoja anaifuata njia na kuitandika. Nikaona kwamba mtu mtii, akipewa maandishi yanayofaa, hana mfano kazini.

Kazi kama hii haitaki pupa. Njia si shuka, huwezi kuirusha ikajitandika. Kila kitu kina mahali pake na kinapajua. Mzizi wa mfune ukasema, "Hapa mimi hukanyagwa kwa kisigino. Mmeniwekea vidole." Tukasogeza. Jiwe la kijito likasema, "Mimi niko kushoto kwa anayepanda." Tukageuza. Utelezi ukauliza kama unaweza kuhamia mahali pengine safari hii, umechoka kulaumiwa na watu wale wale. Nikauambia nitalifikiria.

Wapita njia walipoona kipande cha kwanza kimekaa, wakainuka, wakajikung'uta, wakaanza kupita. Walipita kwenda na kurudi kwa furaha, hawakuwa na safari yoyote. Njia ikaanza kuwa ngumu chini ya miguu yao.

Ukungu ukaweka mkono kwenye tawi. Ukajivuta.

"Sukuma, Bwana Mruma," nikasema.

"Nafuata, kijana. Nafuata."

Mkunjo ukafika katikati ya mlima, ukatoa sauti ya kitambaa kinachochanika, na kangaga zikasogea kuziba. Nikaona khanga. Nikaona tenga. Nikapaza sauti, na mimi si mtu wa kupaza sauti. Ndege hondohondo wakaruka kwenye miti wakidhani ni mwenzao.

"Dada! Huku! Huku chini!"

Mwantumu akatoka kwenye mkunjo amesimama, tenga kichwani, khanga haijapinda, anaangalia juu mlimani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshainuka kwenda nyumbani. Akasita. Akageuza shingo, kisha mabega, kisha akageuka mzima. Akaja kwenye sauti.

Nyuma yake ukungu ukainuka, ukasimama wima, ukaondoka zake bila kuaga mtu. Jua likaingia msituni. Njia ilikuwa imekaa na mtu alikuwa nje.

Dada alipofika langoni alipita mbele yangu, akasimama mbele ya Bwana Mruma, ambaye alikuwa ameteremka kuja kuomba radhi, kwa sababu njia inayopanda ndiyo hiyo hiyo inayoteremka, naye alikuwa akiifuata.

"Wewe ndiye uliyenikunja?"

"Ndiye, mama. Nilikuwa natii maandishi."

"Siku nyingine ukitii maandishi, piga hodi kwanza."

"Hilo nalo liandikwe," Bwana Mruma akasema, akanitazama mimi. Kisha akageuka, akaanza kupanda tena.

"Ataifuata mpaka lini?" Mama Namsifu akauliza.

"Njia inakwenda na kurudi," nikasema.

"Basi nitamngoja hapa. Angalau leo mkono wangu ni wangu." Akampa dada yangu andazi. Dada akalipokea kwa mikono miwili, akala amesimama, macho ameyafumba.

Nilikuwa najiandaa kukirudisha kibao mahali pake nilipoona kwamba kuna kitu kimebaki mkononi mwangu.

Ni kona. Kona moja ya njia, imepinda vizuri, ina udongo mwekundu upande wa ndani na majani makavu upande wa nje. Njia imeisha, juu imefika, chini imefika, na kona hii haimo.

"Hii ya wapi?" nikauliza.

Njia ikajipapasa urefu wake wote. "Mimi sijisikii upungufu," ikasema. "Najisikia nimenyooka."

Dada akatazama mlimani. Akaacha kutafuna.

"Ile ni ya pale chini ya mfune mkubwa, kabla ya kijito," akasema. "Tazama, sasa pamekwenda juu kama ngazi ya mnazi. Mdoe, hiyo ni kona yangu. Hapo ndipo ninapozunguka polepole, nashika shina, goti linapumua. Bila hiyo kuteremka nimeteremka. Kupanda sitapanda."

"Naifungua pale, naipachika," nikasema. "Si kazi kubwa."

Filimbi ikalia. Kinyonga amesimama kwenye mlingoti, mkononi ana kufuli.

"Kazi imefungwa," akasema.

Akaifunga kazi. Nilisikia kufuli likibana. Ufunguo akautundika kwenye mkia, akaukunja mkia.

"Afande, ni kona moja tu."

"Ni kona moja, na kazi imefungwa. Naifungua kesho asubuhi."

"Na dada atapandaje na goti lile?"

"Hapandi. Analala kwa mdogo wake." Jicho lake moja lilikuwa limeshasinzia. "Na kona hiyo usiiache hapa nje. Mtu ataigeukia bure."

Sikumlaumu. Msitu una taratibu zake, na nyingi nimeziandika mimi. Nikampa Mama Namsifu kibao akishike mpaka kesho, nikaitia kona kwapani, nikaanza kurudi nyumbani; dada angenikuta huko akitoka gulioni.

Kona ni nyepesi kuliko unavyodhani. Shida yake ni kwamba ukiibeba huwezi kwenda moja kwa moja. Niliiona nyumba yangu mbele, nikaizunguka, nikafika kwa ubavu. Ndani nilikosa pa kuiweka. Nikailaza sakafuni, kati ya kitanda na mlango, nikalala.

"Hodi! Mdoe! Siku ya gulio na wewe umelala?"

Nikafumbua macho. Kumekucha. Ni chumba changu kile kile: kitanda, kigoda, sakafu ya saruji. Kati ya kitanda na mlango hakuna kitu. Nilifagia jana.

"Naja, dada," nikasema.

Nikainuka kwenda kufungua. Nilipoukamata mlango ndipo nilipotambua kwamba nimeufikia kwa upande wa bawaba. Miguu yangu ilikuwa imekwenda kushoto, ikazunguka, ikarudi kulia, na hakuna aliyeiambia.

Nikasimama nikaitazama sakafu. Ni saruji tu. Imenyooka.

Nikafungua. Dada Mwantumu amesimama na tenga lake la iliki, amelowa jasho kuliko siku zote.

"Leo sijui nimeteremkaje," akasema. "Nimekuja kama nimesukumwa. Goti linawaka moto."

Akatua tenga mlangoni. Akaingia, macho kwenye kigoda kilicho kando ya kitanda changu. Alipofika katikati ya chumba akapinda, polepole, akanyoosha mkono mmoja pembeni kama mtu anayeshika shina la mti. Akazunguka. Akafika kwenye kigoda, akaketi, akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema. "Hapo limepumua kidogo." Kisha akaniona. "Mbona unanitazama hivyo? Chai iko wapi?"

"Dada, leo utalala hapa."

"Nilale hapa kwa nini, na kwangu kupo?"

"Kuna kazi njiani haijaisha. Nitaimalizia kesho asubuhi."

Akavua ndala, akaanza kulikanda goti.

"Basi kesho usianze kwa kuangalia ndoo," akasema.

Nikaenda kubandika maji ya chai, nikipitia kushoto.